Posa ya Mananasi

Mapera yakishaiva hayamngoji mtu, hata kama mtu huyo ni mwalimu, ana watoto wawili wadogo, na usiku kucha hakupata usingizi kwa hasira za mapenzi. Mbeyu alilijua hilo vyema. Asubuhi ile alikuwa ameinamia sufuria kubwa uani kwake Chaani, moshi unamwingia machoni, mwiko mkononi, na moyoni anamtukana Dishon kwa matusi ya adabu, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa misheni na matusi mengine hakuwa nayo.

Vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Mumewe, Mramba, alikwenda kupigana Bama pamoja na vijana wengi wa pwani, akafia huko huko, wala kaburi lake halikujulikana liko wapi. Alimwachia Mbeyu Randu, aliyekuwa na miaka mitano na maswali ya mtu wa hamsini, na Nyevu, aliyezaliwa baba yake keshaondoka. Mbeyu alilia alivyolia, kisha akafunga leso kiunoni. Asubuhi alifundisha watoto wa darasa la kwanza katika banda la kanisa mpaka adhuhuri. Mchana na jioni alipika matunda, maembe au mapera au mananasi, kila tunda kwa msimu wake, akiyatia chupani na kuziba kwa nta, na mwenye duka mmoja karibu na stesheni ya Changamwe akizichukua chupa zote. Watu wakimwuliza hupumzika saa ngapi, aliwajibu kuwa hupumzika akikoroga.

Na Dishon je? Dishon alikuwa fundi bati, kibanda chake kwenye njia ya Kipevu, mwanamume mrefu mwenye sauti ya upole na vidole vyenye makovu ya moto. Mbeyu alimpelekea faneli yake ya kujazia chupa, iliyokuwa ikivuja. Faneli ile ilichukua majuma kuzibwa, na fundi huyo huyo alikuwa akiwazibia wengine sufuria zao wakiwa wamesimama wanangoja. Kila Mbeyu alipokwenda kuiulizia aliambiwa bado kidogo, aketi, asimulie habari za shule. Naye, mwanamke asiyekuwa na nafasi hata ya kujikuna, akaketi. Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, na mimi sioni haja ya kuyatafutia sababu nyingine.

Kikwazo kilikuwa Mzee Mwarandu, baba yake marehemu Mramba. Wazazi wa Mbeyu walikwisha kufariki, na mzee huyu ndiye aliyemlipia mahari na kumweka kama binti wa kumzaa. Bila ndiyo yake Mbeyu asingeolewa, wala asingetaka kuolewa. Jumapili baada ya ibada Dishon alikwenda kuposa. Alivaa koti licha ya joto, akazungumza vizuri, maneno yamepangwa. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza kibuyu kiko wapi.

Kwa maana kwa Wagiriama posa haiji kwa maneno makavu. Mwanamume huja na tembo la mnazi, akampa mwenye mji, mkuu wa nyumba, kwa mkono wake mwenyewe, na mwenye mji akilinywa, basi ameikubali posa. Dishon akaeleza kwa heshima kwamba hakuleta tembo kwa sababu Mzee Mwarandu ni mzee wa kanisa, na kanisa lao limekataza kileo.

"Sasa ni hivi, mwanangu," mzee akamjibu. "Ukija bila tembo, mimi ni Mgiriama, na hujaniposa. Ukija na tembo, mimi ni mzee wa kanisa, na nitakufukuza. Chagua mwenyewe."

Waliokuwapo walicheka mpaka wakashika mbavu. Mbeyu hakucheka. Alimjua mkwewe: akianza mzaha, ujue kuna neno limemkaa kooni. Alipombana baadaye barazani, mzee akamwambia kwamba mshika mawili moja humponyoka, na yeye ameshika matatu, shule na sufuria na watoto, na sasa anataka kuongeza la nne. Je, litakalomponyoka ni lipi? Mzee hakumaliza, lakini macho yake yalikuwa kwa Nyevu, aliyelala mkekani kidole mdomoni.

Hayo Mbeyu angeyastahimili. Lililomchoma lilitoka kwa Dishon mwenyewe walipokuwa njiani kurudi. Alilisema kwa nia njema, na la nia njema ndilo huuma zaidi: kwamba labda mzee angelegea kama Mbeyu angeacha kazi moja. Si lazima shule, angalau haya matunda. Kwani akishaolewa shida itakuwa ya nini, yeye mume si atamlisha?

Mbeyu alisimama pale pale njiani. Alimwambia kwamba watoto wake walikuwa wakila kabla hajamjua fundi bati yeyote. Alimwambia kwamba sufuria ile ndiyo iliyomfuta machozi wakati ambapo hakuna mwanamume aliyekuja kumfuta. Kisha akamwambia kwaheri, akaenda zake bila kugeuka nyuma, ingawa shingo ilimuuma kwa kutaka kugeuka. Tangu hapo hawakuonana.

Basi asubuhi hiyo kila kitu kilikataa. Bi Tima, jirani yake aliyezoea kumshikia watoto, alikuwa amevuka kivuko kwenda harusini katika kijiji cha Shika Adabu, na msichana aliyeahidi kuja badala yake hakutokea. Mapera yalikuwa yamefika pale ambapo huwezi kuyaepua wala kuyaacha. Nyevu alikuwa akichezea kuni. Randu alitaka kujua kama mbinguni watu hula jamu, na kama huila, nani huikoroga. Kengele ya kwanza ya shule ikalia, na wakati huo huo Dishon akasimama mlangoni pa ua, kofia mkononi.

"Nimekuja tuzungumze, Mbeyu."

"Sina nafasi ya kuzungumza. Kengele hiyo inalia."

"Basi nitangoja."

Mbeyu alimtazama. Alikuwa amejiandaa kumchukia, lakini aliona macho yake yamekuwa mekundu kwa kukosa usingizi, sawasawa na yake, na kitu fulani kifuani mwake kikalegea bila ruhusa. Hilo likazidi kumkasirisha. Ndipo wazo likamjia. Alifungua leso kiunoni mwake akamfunga Dishon, akampa mwiko.

"Ulinishauri niache kazi moja," akamwambia. "Basi leo mimi nakwenda kufundisha, nawe nakuachia mbili tu. Sufuria usiache kuikoroga, ikishika chini imeharibika. Ikishakuwa nzito, uitie chupani ingali moto. Nyevu usiache kumtazama, hupenda moto. Na Randu usiache kumjibu, maana usipomjibu huondoka akaenda kumwuliza mtu wa mbali. Nikirudi adhuhuri utaniambia umeamua kuacha lipi."

Akaenda zake. Safari hii aligeuka mara moja, kidogo tu, akamwona fundi ameushika mwiko kwa mikono miwili.

Banda la kanisa lilikuwa ng'ambo ya shamba la mihogo, si mbali, na upepo ulikuwa ukivuma kutoka upande wa nyumbani. Mbeyu alifundisha kwa mdomo, lakini pua na masikio yake yalibaki uani. Kwanza ilikuja harufu tamu ya mapera, akatulia. Watoto wakasoma herufi ubaoni kwa sauti moja. Kisha akasikia Nyevu akilia, kilio kile cha kutaka kubebwa, si cha kuumia, na mama hulijua hilo hata akiwa usingizini. Halafu ikaja harufu ya kuungua. Mbeyu aliandika hesabu ile ile mara mbili, watoto wakamsahihisha, akawashukuru. Baada ya hapo kukawa kimya, na kimya cha watoto wadogo ndicho kibaya kuliko vyote. Alijilaumu. Hasira zake ndizo zilizomfanya awaache wanawe na mwanamume asiyejua hata kumfunga mtoto nguo, ati amfunze adabu. Akajiambia kwamba mzee alisema kweli, limemponyoka.

Kengele ya adhuhuri ilikuwa karibu kupigwa aliposikia wimbo. Sauti nzito ya kiume iliimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, taratibu na kwa utakatifu, kisha katikati ya ubeti wa pili ikaacha njia na kuingia katika wimbo wa zamani wa wagema, ule wanaouimba wakiwa juu ya mnazi. Darasa zima liligeuza shingo. Mbeyu aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ya Mzee Mwarandu, aliyeacha kugema mwaka aliobatizwa na ambaye tangu hapo hakuna mtu aliyemsikia akiimba wimbo ule. Mbeyu aliwaruhusu watoto, akakata mihogoni mbio, chaki ingali mkononi.

Alipofika uani alisimama. Dishon alikuwa mbele ya meko, Nyevu amefungwa mgongoni kwa leso na usingizi umemchukua, shavu limejibandika kwenye shati la fundi kwa jamu. Kidole gumba cha Dishon kilikuwa kimefungwa kitambaa, nywele zake zilikuwa na mapera, na chupa zilikuwa zimepangwa juu ya ubao, nyingine zimejaa mno, nyingine pungufu, lakini zimetiwa na zimezibwa. Bado alikuwa akikoroga mabaki ya sufuria. Huku akikoroga, alikuwa akimweleza Randu, kwa sauti iliyokauka kwa kueleza, kwa nini samaki hawalowi. Na mkekani, kofia imeinama upande mmoja, aliketi Mzee Mwarandu na kikombe cha bati mkononi, uso unang'aa. Kando yake kulikuwa na chupa mbili, moja tupu.

"Shikamoo, baba," Mbeyu alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu, marahaba sana."

Mbeyu alizitazama zile chupa, akazitambua. Zilikuwa chupa za maji ya nanasi aliyoyapika wakati ule sukari ilipoadimika madukani. Alitia nusu ya sukari iliyotakiwa, akaziba akaziweka juu ya rafu, akawa anajiambia kila siku kwamba atazitazama kesho, na kesho ikija kuna shule, kuna homa ya Nyevu, kuna maembe yanaoza. Dishon akamweleza kwamba mzee alifika amechomwa na jua, akaomba kitu cha kunywa, naye akaona si heshima kumpa maji matupu. Kizibo kiliruka mpaka kwenye makuti ya paa. Yeye alidhani ndivyo yanavyotengenezwa.

Mbeyu alichovya kidole kikombeni akaonja. Hayakuwa maji ya nanasi tena. Lilikuwa tembo, kali na tamu, la kumwangusha mtu mzima. Mwalimu wa misheni kukutwa na kileo nyumbani, mzee wa kanisa kuleweshwa uani kwake, na aliyempa ni yule yule mwanamume aliyekataliwa kwa kukosa kibuyu. Nani angeamini kwamba si hila? Kazi ya shule ingempotea. Mzee angeona amechezewa, na Dishon naye angempotea. Alipiga magoti mkekani.

"Baba, nisamehe. Yale maji yamechacha, Dishon hakujua, wala mimi sikujua. Yale ni..."

"Najua ni nini," Mzee Mwarandu alisema. "Mimi nilianza kugema mama yako hajaolewa. Nilijua kikombe cha kwanza kilipogusa ulimi."

"Basi mbona ulikunywa cha pili?"

"Cha pili nilikunywa ili nihakikishe. Cha tatu ndicho nilichokunywa kwa akili zangu timamu."

Dishon aliacha kukoroga. Mzee alimwonyesha kwa kidole aendelee, asije akaunguza na hayo yaliyobaki. Kisha akamgeukia Mbeyu, na ule mzaha wake wa siku zote ukawa hauko tena usoni.

Alimwambia kwamba alipofika alisimama nje ya ua kabla ya kubisha, kwa sababu alisikia mjukuu wake akilia na akataka kuona. Akamwona kijana huyu katikati, sufuria inaungua huku, mtoto analia kule. Akajiambia, sasa nitamjua. Kijana akaiacha sufuria akamchukua mtoto. Mzee akasema moyoni, vyema. Lakini kisha akamwona anaifungua ile leso kiunoni, anamfunga mtoto mgongoni vibaya vibaya, anarudi mbio kwenye moto kuyaokoa mapera, anaungua kidole, na hasemi neno ila kumwomba Randu radhi kwa sababu alikuwa hajamalizia jibu lake.

"Sikuwa nikiogopa kazi zako, Mbeyu," mzee alisema. "Wewe ni hodari kuliko wanangu wote. Nilikuwa nikiogopa mwanamume atakayekuja akuambie uchague. Siku moja ungechoka, ungechagua, na watoto wa Mramba ndio wangekuwa mzigo wa kutuliwa. Mramba sina. Hawa ndio nilio nao."

Mbeyu aliushika mkono wa mzee akauweka shavuni, na machozi yakamtoka bila aibu.

Dishon aliiteremsha sufuria. Akaja akachutama mkekani polepole asimwamshe Nyevu, akamtazama Mbeyu, si kwa yale macho ya kibandani ya kuchelewesha faneli, bali kwa macho ya mtu aliyeshindwa na akafurahi kushindwa.

"Uliniuliza nitaacha lipi," alisema. "Asubuhi yote nimelitafuta la kuacha, sikuliona. Nilikosea, Mbeyu. Sikujua nilichokuwa nikikuomba. Ukikubali, nitakihamisha kibanda changu nikijenge hapa hapa kando ya ua wako. Mimi bati naweza kuligonga popote. Wewe ukiwa shuleni watoto watakuwa machoni pangu, na babu yao atawaona kila siku kama anavyowaona sasa. Ila hii sufuria itabidi unifundishe, kwa sababu leo nimekuunguzia mapera mengi."

"Nimesikia harufu," Mbeyu alisema, akicheka na kulia kwa pamoja.

Mzee Mwarandu alikohoa na kukaa wima, kama anayefungua kikao. Akasema kwamba mwanamume ambaye si wa ukoo wake amempa tembo kwa mkono wake, uani kwa binti yake, naye amekunywa akijua, na kwa Wagiriama jambo hilo lina jina moja tu. Mbeyu akamwuliza kwa woga, na kanisani je?

"Nitakwenda kwa padri mimi mwenyewe kabla hajaambiwa na mwingine," mzee alijibu. "Nitamwambia nilipewa maji ya nanasi yaliyokosa sukari. Sukari si mimi niliyeipunguza. Akinipa adhabu nitaitumikia, na harusi ataifungisha yeye."

Kisha akaichukua chupa, akakijaza kile kikombe cha bati mpaka ukingoni, akamnyooshea Mbeyu kwa mikono miwili. Kwa maana ilibaki sehemu moja, na sehemu hiyo hakuna mzee anayeweza kuifanya. Mwanamke mwenyewe hupewa kikombe mbele ya watu. Akionja, amekubali. Akikirudisha kama kilivyo, posa imekufa pale pale, na hakuna anayeruhusiwa kumwuliza kwa nini.

Mbeyu alikipokea. Hata Randu aliacha kuuliza. Alimfikiria Mramba, akamwona anacheka kama alivyokuwa akicheka, wala hakuona kinyongo katika kicheko hicho. Alimtazama Nyevu aliyelala mgongoni kwa mwanamume huyu kana kwamba amezoea kulala hapo. Halafu akamtazama Dishon, makusudi, kwa muda mrefu, akimlipa zile siku zote za faneli. Jasho lilikuwa likimtiririka fundi kwenye paji la uso, na hakuthubutu kulifuta.

Mbeyu akakipeleka kikombe mdomoni. Akanywa, akaendelea kunywa, kichwa kikainuka, mpaka kikombe kikakauka.

"Mwanangu," Mzee Mwarandu alisema kwa mshangao, "desturi ni kuonja tu."

"Huonja asiye na hakika, baba," Mbeyu alijibu, akampa Dishon kikombe kitupu.